Jibu la Hamsini na Moja

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumanne, katika chumba cha kusahihishia mitihani, msahihishaji mmoja aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Bi Kasoro, hebu njoo. Kuna watu hapa wamekosa pamoja."

Bi Kasoro hakuinuka upesi. Magoti yake yalikuwa yameanza kumwomba ruhusa kabla ya kila safari, hata ya kuvuka chumba. Miaka kumi na tisa alikuwa mtunzi wa mtihani wa hoja: mtahiniwa anapewa hoja fupi na machaguo matano, A hadi E, anaambiwa, tafuta kasoro. Kwa hiyo watu wakampa jina hilo, akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

"Kukosa kupo kila mwaka," alisema akivuta kiti.

"Si hivi, mama. Watahiniwa arobaini na mmoja, kituo kimoja. Wote wamepata arobaini na tisa kwa hamsini. Wote wamekosa swali la kumi na saba. Na wote wamechagua C."

Akazipitia karatasi moja moja. C. C. C. Miandiko tofauti, wengine wamekoleza wino, wengine wamegusa tu. Usingizi ukamtoka. Watu arobaini na mmoja wanaweza kupatia pamoja, maana njia ya kufika ni moja. Lakini njia za kupotea ni nyingi, na hakuna kundi linalopotea kwa mguu mmoja bila mtu wa kuliongoza.

"Mtihani umevuja," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imeanza na nguo ziko kwenye kamba.

Saa tatu Mkurugenzi akawa na habari. Saa tatu na nusu akawa na mkosaji.

"Mpiga chapa," alimwambia Bi Kasoro ofisini kwake. Alikuwa mtu nadhifu, tai imenyooka, kalamu tatu mfukoni. Zamani alifundisha, na bado alizungumza akitembea, kana kwamba nyuma yake kuna ubao. "Nimemfungia kwenye stoo ya karatasi, mlinzi yuko mlangoni. Polisi wanakuja saa kumi. Barua ya kumfukuza hiyo hapo, bado sahihi yangu tu."

"Umemjuaje, mzee?"

"Fuatana nami. Kila anayevujisha mtihani, lazima awe ameushika mtihani. Kweli?"

"Kweli."

"Mpiga chapa ameushika, mwanzo mpaka mwisho. Kweli?"

"Kweli."

"Basi! Tena mdogo wake amefanya mtihani kituo hicho hicho. Unataka nini zaidi, akuandikie kwa damu?"

"Hata mimi niliushika," Bi Kasoro alisema. "Na wewe pia."

Mkurugenzi akacheka, akalifungua daftari la kutolea rasimu, akalizungusha mezani limtazame. "Mimi niliishika rasimu ya mwisho Jumatatu ile ya kwanza ya mwezi, nikapitia mpangilio na kutia sahihi. Imetoka saa nane kamili mchana, imerudi saa nane na dakika ishirini, mbele ya macho yako. Sahihi ya kurudisha ni ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Na orodha ya majibu?"

"Hujaiona. Haitoki kwenye kasha la chuma."

"Kanuni niliyoiweka mwenyewe. Nimejifunga mikono kwa kamba yangu, ili pasiwe na wa kuninyooshea kidole."

Bi Kasoro aliitazama sahihi yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma jina. Akalifunga daftari.

"Nipe mpaka saa kumi."

"Ya nini? Nenda kapumzike, mama. Unaonekana umechoka."

"Kuchoka si leo tu. Nipe mpaka saa kumi."

*

Stoo ya karatasi haikuwa na dirisha. Mpiga chapa alikuwa ameketi juu ya boksi, mikono kifuani, na kwenye blauzi yake mabaka mawili ya unyevu yalikuwa yanatanuka. Mtoto wake alikuwa na miezi minne.

"Usiniangalie hivyo, mama," alisema. "Ananyonya saa nne. Maziwa hayajaambiwa kwamba nimekamatwa."

Bi Kasoro akavua kitambaa chake cha mabegani, akampa, akaketi boksi la pili.

"Mdogo wako alifanya mtihani kituo kile."

"Ndiyo. Na huyo, hata nikimwandikia majibu kiganjani, ataosha mikono kabla ya kuingia. Mmeangalia karatasi yake?"

"Nimeangalia. Amepata ishirini na mbili. La kumi na saba amechagua B."

"Basi si mmeona?"

"Nimeona kwamba hukumpa yeye. Sijaona kwamba hukumpa mtu mwingine."

Mpiga chapa akamkodolea macho. "Kumbe umekuja kunikandamiza."

"Nimekuja kujua. Hoja ya Mkurugenzi ni mbovu, nimeijua ilipofika katikati. Lakini hoja mbovu inaweza kufika mahali pa kweli, kama mlevi anavyofika nyumbani. Nikimwonyesha ubovu, atatafuta hoja nyingine, na wewe utakuwa rumande. Nieleze kazi yako, siku kwa siku, kama unamweleza mgeni."

Mpiga chapa akashusha pumzi. "Ilikuwa wiki ya kabla ya mtihani. Jumatatu asubuhi nilimaliza rasimu ya mwisho. Maswali hamsini na lile la akiba."

Swali la akiba lilikuwa desturi ya ofisi ile. Rasimu ilikwenda na swali moja la ziada mwishoni, la hamsini na moja, ili swali likionekana bovu dakika za mwisho, lipatikane la kuziba pengo. Kama halikuhitajika, lilifutwa.

"Nikapiga na orodha ya majibu, hamsini tu. La akiba haliwekewi jibu, unajua. Orodha ikaingia kwenye kasha. Rasimu nikakuachia wewe. Jumanne saa mbili nikafuta la akiba. Jumatano saa nne nikampelekea Wino, yule wa mitambo, nakala safi, akachapa. Alhamisi ya wiki iliyofuata, mtihani. Basi."

"Jumanne, rasimu uliipata wapi?"

"Niliikuta mezani kwangu, chini ya kikombe. Nikashangaa kidogo. Siku zote wewe hunipa mkono kwa mkono."

Bi Kasoro alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya gauni lake.

"Mama, saa kumi wakinichukua, nitalala huko leo?"

"Ndiyo."

"Na kesho?"

"Sijui, mwanangu."

*

Saa tano na robo alikuwa chumba cha mitambo. Mchapishaji, ambaye kila mtu alimwita Wino, alikuwa amelala chini ya mashine, miguu ikionekana tu.

"Kama ni Mkurugenzi, mwambie nimekufa," miguu ilisema.

"Ni mimi."

"Ah, Bi Kasoro. Basi nimefufuka." Akatoka, uso una mistari myeusi. "Nimesikia. Wamemkamata mama wa watu. Na mimi zamu yangu lini?"

"Fungua droo yako ya vifaa."

Wino akasita, na kusita kwake kukamgharimu. Droo ilikuwa imetandikwa karatasi, na karatasi ile ilikuwa ukurasa wa mtihani: maswali ya kumi na moja hadi ishirini. Kanuni ilitaka kila karatasi iliyoharibika ichomwe siku ileile.

"Wino!"

"Bibi wee, nisikilize! Mafuta yanavuja, nikatandika kilichokuwa karibu. Mimi herufi nazijua kwa umbo, maana yake nawaachia wenyewe. Ungenipa mtihani huu na majibu juu yake, bado ningefeli."

"Lakini ungeweza kumpa mtu anayejua."

Wino akajifuta mikono. Kisha akasema taratibu, bila mzaha, "Ningeweza. Miaka kumi na miwili ningeweza kila mwaka."

Bi Kasoro aliondoka na ukurasa ule, na kwa saa nzima Wino alikuwa ndiye. Aliupenda ushahidi huo, maana ulikuwa mwepesi kubeba. Lakini kila alipotaka kumweka Wino mahali pake, swali la kumi na saba lilimkwama. Kwa nini majibu yaliyovuja yawe na kosa hata moja?

Akalisoma tena, kana kwamba hakulitunga yeye:

*Kila mtu aliyepata homa ile alikuwa amekunywa maji ya kisima. Fundi amekunywa maji ya kisima. Kwa hiyo fundi atapata homa. Kasoro ya hoja hii ni ipi?*

Jibu sahihi lilikuwa E: *Kwa kuwa wenye homa wote walikunywa, hoja inadai kwamba waliokunywa wote wana homa.* C lilikuwa mtego: *Haikuthibitishwa kwamba maji ndiyo yaliyoleta homa.* Linapendeza, linasikika la kisomi, na wenye akili wenye haraka hulikimbilia.

Mwenye orodha ya majibu asingeingia mtego. Angenakili tu, E. Basi aliyevujisha hakuwa na orodha. Aliketi mahali na maswali peke yake, akayafanya yote kwa kichwa chake, akapatia arobaini na tisa, akateleza moja.

Si kazi ya mtu aliyelala chini ya mashine. Ila huenda Wino aliupeleka kwa mwenye kichwa hicho. Mlango huo ulikuwa bado wazi.

Saa saba na nusu akaletewa bahasha aliyoiagiza kutoka ghala. Ndani yake zilikuwa karatasi zilizokusanywa na wasimamizi mlangoni mwa kituo kile, maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia na karatasi. Aghalabu bahasha hizo huchomwa bila kusomwa. Kulikuwa na sala, ramani ya barabara, barua ya mapenzi yenye makosa ya hoja tele, na ukurasa wa daftari la shule ulioandikwa juu: *Zoezi la Jumamosi, darasa la jioni.* Chini yake, namba na herufi. Namba kumi na saba, C.

Akafuata orodha kwa kidole hadi chini. Arobaini na tisa. Hamsini.

Hamsini na moja. D.

Bi Kasoro alivua miwani, akaifuta, akaivaa. D ilikuwa bado pale.

Wino hakuwahi kuona swali la hamsini na moja. Lilikuwa limeshafutwa alipopelekewa kazi. Lilikuwapo kwenye rasimu tu, Jumatatu hadi Jumanne asubuhi. Walioishika rasimu ni watatu: mpiga chapa, yeye, na Mkurugenzi. Mpiga chapa alikuwa na majibu sahihi, ameyapiga kwa vidole vyake. Yeye ndiye aliyeyatunga. Aliyekuwa na maswali bila majibu alikuwa mmoja.

Lakini hakuna awezaye kufanya maswali hamsini na moja kwa dakika ishirini, na daftari lilisema dakika ishirini. Sahihi ya daftari ilikuwa yake.

Alikaa na ukurasa ule mapajani mpaka mshale wa saa ukapita nane, ukapita tisa. Aliujua ukweli tangu asubuhi, kama mtu anavyojua jino bovu na kutafunia upande mwingine. Jumatatu ile saa nane kasoro alikuwa ametoka usiku wa nne wa kumuuguza mama yake. Alijaza safu zote mbili za daftari, ya kutoka na ya kurudi, akaweka sahihi mbele kwa mbele, akamwambia Mkurugenzi, "Ukimaliza, funga mwenyewe." Akaenda nyumbani. Kulala.

Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua, isipokuwa Mkurugenzi. Naye alikuwa amelitegemea hilo.

*

Saa tisa na dakika arobaini aliingia ofisini kwa Mkurugenzi na mpiga chapa mbele, Wino nyuma.

"Nani kamtoa huyu?" Mkurugenzi alifoka.

"Mimi. Mlinzi ananiogopa kuliko wewe, nilimfundishia mwanawe. Kaa, mzee."

Hakukaa. Bi Kasoro akaweka ukurasa wa daftari mezani, akaeleza bila kupamba: namba hamsini na moja, kwa hiyo rasimu. Kosa la kumi na saba, kwa hiyo hakuwa na majibu.

"Ni mpiga chapa," Mkurugenzi alisema. "Amekosea moja kwa makusudi ili mseme hivyo hivyo."

"Eti makusudi!" mpiga chapa akadakia. "Nijikoseshe moja tu, watu arobaini na mmoja waandike C, tukamatwe wote? Hiyo akili au homa?"

"Kama angetaka kuficha, angempa kila mmoja kosa lake," Bi Kasoro alisema. "Kosa moja kwa wote si kujificha, ni kujitangaza. Aliyeandika C aliamini C."

"Basi ni wewe."

"Nilitunga swali lenyewe."

"Kwa hiyo ni mimi?" Mkurugenzi akacheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Akaligonga daftari. "Dakika ishirini! Soma. Sahihi ya nani?"

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Daftari ni la uongo," Bi Kasoro alisema. "Mimi ndiye niliyelidanganya. Niliweka sahihi ya kurudi kabla rasimu haijatoka, nikaenda kulala. Hukuirudisha kwangu. Uliiweka chini ya kikombe cha huyu, Jumanne asubuhi."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyevuta mlango wa siku zote akakuta hauna chumba nyuma yake.

"Unajua unachosema? Utapoteza kazi."

"Najua."

"Miaka kumi na tisa!"

"Naijua hesabu yake. Lakini bado sijakutuhumu, mzee. Kuwa na nafasi ya kuiba si kuiba. Nikisema hivyo nitakuwa nimerudia hoja yako ya asubuhi. Ila nashangaa jambo moja. Aliyefanya kazi hii ana kichwa. Arobaini na tisa bila msaada, hata wasahihishaji wangu hawafiki. Halafu anaanguka kwenye la kumi na saba, mtego wa watoto."

"Si mtego wa watoto."

"Wa watoto kabisa. Nililitunga kwa ajili ya wanaosoma mbiombio."

"Hapana, hapana." Mkurugenzi alianza kutembea. Mkono ukatafuta chaki hewani. "C ni jibu halali! Wewe unalikataa kwa ukaidi. Wagonjwa wamekunywa maji ya kisima, sawa, lakini nani kathibitisha kwamba maji ndiyo chanzo? Huwezi kumtabiria fundi homa kabla hujathibitisha chanzo. Hiyo ndiyo kasoro!"

"Tuseme umethibitisha," Bi Kasoro alisema taratibu. "Maji ndiyo yaliyowaangusha wote. Fundi naye amekunywa. Je, lazima augue?"

"Si…" Akasimama. "Si lazima. Wengine wanakunywa na hawaugui."

"Basi kuziba tundu la C hakuzuii maji. Tundu liko E. Kila mwenye homa alikunywa, haimaanishi kila aliyekunywa ana homa. Kila aliyevujisha aliushika mtihani, haimaanishi kila aliyeushika amevujisha. Hukuiona kwenye karatasi, hukuiona asubuhi kwa huyu binti."

Wino akakuna shingo. "Samahani, mimi si msomi. Mkubwa, karatasi ya mtihani haipo hapa mezani. Na kabla yako Bi Kasoro hakutaja kisima wala fundi. Kwa dakika ishirini tu, umevikariri vipi?"

Mkurugenzi akaangalia meza. Ilikuwa na daftari, ukurasa wa majibu, na barua isiyotiwa sahihi. Akavuta kiti, na safari hii akakaa.

"Darasa la jioni ni la binti yangu," alisema hatimaye. "Mwaka jana walifaulu watatu. Wazazi wakaanza kuwahamisha watoto. Alikuwa haji hata kula kwetu, kwa aibu. Kila mtu anajua baba yake ni nani. Nikaketi na rasimu mpaka alfajiri. Kusema kweli, nilifurahi. Miaka mingi nilikuwa sijafanya swali hata moja, natia sahihi tu. Nikampa, nikasema ni zoezi la zamani. Hakujua. Watoto wenyewe hawakujua mpaka walipofungua karatasi."

"Na mimi?" mpiga chapa aliuliza. Hakupaza sauti. "Mimi ulikuwa unanipeleka wapi?"

"Nilidhani… ushahidi ungekosekana. Wangekuachia."

"Lini?"

Mpiga chapa akaichukua barua yake mezani, akaichana mara mbili, akaweka vipande mbele ya Mkurugenzi. Kisha akamgeukia Bi Kasoro, na macho yake hayakuwa ya shukrani.

"Ulijua tangu asubuhi. Nilipokwambia rasimu niliikuta mezani, ulijua."

"Nilijua."

"Nikakaa mule mpaka saa hizi."

"Ndiyo. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa natafuta njia ya kukutoa bila kujiingiza mimi. Haikuwapo."

Mpiga chapa akakirekebisha kitambaa kifuani. "Kitambaa chako nitakurudishia kikishafuliwa," alisema. "Mengine bado." Akatoka, hatua zake zikaharakisha kwenye ukumbi, zikawa mbio.

Polisi walifika saa kumi na dakika tano, wawili, wanahema kwa ngazi. Mkubwa wao akafungua kijitabu, akauliza ni nani anayelalamika na ni nani anayelalamikiwa. Mkurugenzi akainua mkono nusu, akaushusha.

"Andika," Bi Kasoro alisema. "Nitakueleza mimi. Lakini anza na Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa nane kasoro, na jina la kwanza uandike langu."

Polisi alikuwa hajakutana na mlalamikaji wa namna hiyo. Akalaza kalamu, akamtazama mama yule aliyeegemea kiti kama mtu anayengoja zamu hospitalini.

"Wewe ulifanya nini, mama?"

"Nilichoka," alisema. "Nikaweka sahihi."